Usiseme Umeanguka Bafuni

Wanangu mnaowahi zamu viwandani Barabara ya Pugu, mnaoranda mbao Keko, mnaopandisha zege kwenye maghorofa ya Kariakoo, nataka tuzungumze habari ya siku utakayoumia kazini. Najua kijana hapendi kutajiwa siku hiyo, maana mwili bado unampa kila anachouomba. Lakini mimi nimekula chumvi nyingi kiwandani, na miaka yangu ya mwisho kazini nilikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Watu hudhani kazi ya katibu wa tawi ni mikutano na fulana za Mei Mosi. Kazi kubwa ni kusindikiza majeruhi hospitali, kukaa nao kwenye benchi, na kusikia wanachoambiwa waseme. Hicho wanachoambiwa waseme ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Kulikuwa na kijana mmoja wa stoo. Alikuwa juu ya lundo la marobota, la chini likateleza, akaja nalo mpaka sakafuni. Mkono wa kulia ukavunjika karibu na kifundo. Wenzake walikata boksi, wakamwekea huku na huku kama gango, wakalifunga kwa kamba ya katani ile ya kushonea magunia, na walifanya vizuri. Gari la ofisi likaja upesi, hilo nalo lilikuwa jema. Ndani ya gari msimamizi akamwinamia, akamwambia kwa upole kabisa: "Ukiulizwa, sema umeanguka bafuni nyumbani. Ukisema kazini wataanza mambo ya polisi na ukaguzi, utacheleweshwa bure, na mwenye maumivu ni wewe. Gharama zote juu yetu. Tutamalizana." Kijana alikuwa anatetemeka, jasho linamtoka. Dirishani karani akauliza, "Umeumia wapi?" Akajibu, "Bafuni." Karani akaandika.

Kampuni ililipa eksirei na POP ya siku ile, basi. Mfupa ukaunga vibaya, mkono ukapinda, vidole viwili vikafa ganzi. Daktari bingwa akasema lazima arudi chumba cha upasuaji, mfupa uvunjwe upya na kuwekewa chuma. Alipopeleka makadirio ofisini, msimamizi yule alikuwa amekwisha kuhamishiwa kwingine. Ofisa utumishi akafungua faili akamsomea karatasi ya hospitali: mgonjwa ameanguka bafuni. Kampuni itagharamiaje ajali ya nyumbani kwa mtu? Na zile siku alizokaa kitandani zikahesabiwa utoro, mshahara ukasimama. Uongo aliousema kwa ajili yao wakamgeuzia yeye mwenyewe.

Tulihangaika mno. Tukawatafuta wenzake waliofunga lile boksi, wakaandika maelezo na kutia saini, wengine kwa kuogopa kibarua chao. Dereva akakubali kueleza alimchukua wapi. Daktari akaombwa aandike maelezo ya ziada. Mwisho wake haki ilikubaliwa, lakini wakati sisi tunazunguka na makaratasi, mfupa haukuwa unatungoja. Leo anaandika kwa mkono wa kushoto, na mtoto wake humbeba kwa mkono huo huo.

Sasa mjue kwa nini jibu lile la dirishani lina uzito. Zamani sisi tulifidiwa kwa sheria iliyorithiwa kutoka ukoloni, ya mwaka 1949, na viwango vyake vilibaki vile vile mpaka shilingi ikawa haina thamani tena: ukifa kazini, familia inapewa isiyozidi shilingi 83,000, ukilemaa kabisa, 108,000. Nimewaona wajane wakipokea bahasha hizo. Ilipokuja Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, ukaundwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015 na kuanza kulipa mafao Julai 2016. Mwajiri ndiye anayechangia. Wewe hukatwi hata senti. Humo mna matibabu, mna asilimia 70 ya mshahara kwa muda usioweza kufanya kazi hadi miezi 24, mna fidia ya ulemavu wa kudumu, mna mazoezi ya kukurudisha kwenye kazi, na familia yako inaangaliwa ukifariki. Mwajiri anatakiwa kupeleka taarifa ya ajali ndani ya siku saba za kazi. Na wewe ukikaa kimya miezi 12 ikapita bila kudai, mlango unajifunga. Haya yote yanasimama juu ya jambo moja: kwamba umeumia kazini, na karatasi ya kwanza ya hospitali inasema hivyo.

Kijana ataniambia, "Mzee, lakini kosa lilikuwa langu, sikuvaa kofia." Hilo ndilo lililowafunga wengi midomo. Mfuko hauulizi nani alizembea kwanza; unauliza kama ajali imetokana na kazi. Utovu wa makusudi ni habari nyingine, lakini kuteleza, kusahau, kuchoka zamu ya usiku, hayo ni ya binadamu na sheria imeyajua. Usikubali kutishwa na kosa lako hadi ukapoteza matibabu.

Mwingine atasema yeye ni deiwaka tu, hana mkataba. Sheria inatambua hata mkataba wa mdomo. Ila wa mdomo unahitaji ushahidi, na hapo ndipo vijana wetu wanapojiponza. Wanalipwa mkono kwa mkono jioni, wanaweka mfukoni, hawana hata ujumbe wa simu. Mwombe anayekulipa akutumie kwa simu angalau mara moja kwa wiki. Weka picha ukiwa na sare ya kazi, weka namba za wenzako wawili watatu wa zamu yako. Na wewe uliyeajiriwa, angalia hati yako ya mshahara. Kuna waajiri wanaoandika mshahara mdogo kwenye vitabu, kisha wanakuongezea kilichobaki kwenye bahasha. Unafurahi kwa sababu kodi imepungua. Siku ukikatika vidole, fidia yako itapigiwa hesabu kwenye ule mshahara mdogo, na bahasha haitakuwa na wa kuishuhudia.

Niseme pia juu ya mwili wenyewe, maana karatasi bila mwili hazina faida. Zima mashine kabla hujamgusa mwenzako. Chuma kikimchoma na kubaki ndani, usikichomoe, kifunge hapo hapo kisitikisike. Akiungua kwa tindikali au maji ya betri, peleka sehemu hiyo chini ya bomba, maji yatiririke dakika 20 bila kukata. Achaneni na dawa ya meno, mafuta ya breki na mayai, vyote hivyo nimeviona vikipakwa. Saruji mbichi nayo inaunguza ngozi polepole, mtu hajui mpaka usiku. Vua buti zilizoingia zege, nawa. Na kidonda chochote cha kutu au udongo kinataka sindano ya pepopunda, hata kama kinaonekana kidogo.

Halafu kuna wale wanaokimbilia kwa mafundi wa mifupa wa mitaani. Sitawadharau wazee hao, wengine wana mikono ya kipaji. Lakini nimeona mguu wa saidia fundi mmoja uliofungwa banzi na vitambaa kwa nguvu siku nne, vidole vikawa vyeusi, akaja kukatwa chini ya goti kwa mvunjiko ambao hospitali wangeufunga tu akapona. Mtu akifungwa, iwe kwa banzi au kwa POP, tazama vidole vyake: vikivimba, vikiwa baridi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, usisubiri kupambazuke. Rudi usiku ule ule. Aliyekufunga asiposikia, nenda kituo kingine, na ukipewa rufaa ya kwenda MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, usiiweke mfukoni ukisubiri mwezi uishe. Foleni ni ndefu, benchi ni gumu. Kaa, wala usione haya kumuuliza daktari mpaka uelewe.

Mtego mwingine ni karatasi ya ED. Daktari amekuandikia mapumziko ya wiki mbili, siku ya tatu simu inalia: "Njoo tu ukae getini uandike magari." Unakwenda kwa sababu unaogopa nafasi kuchukuliwa. Sikulaumu, nyumbani kuna midomo. Lakini ukishasaini kwenye daftari la mahudhurio, mtu wa nje atauliza huyu mgonjwa gani anayekuja kazini. Na kile kidonda kinachofunguka upya getini kitakurudisha wodini. Kama lazima uende, nenda na barua ya daktari inayotaja kazi nyepesi unayoruhusiwa, nakala ibaki kwako. Mazoezi ya viungo nayo usiyaruke. Vijana wakiona mfupa umeunga wanaacha kliniki, mwaka unaofuata kiwiko hakikunjiki, hawawezi kujivalisha shati.

Wapo pia wanaoumia bila kishindo: wachomeleaji wenye macho yanayowaka kila usiku, wa viwanda vya nyuzi wanaokohoa vumbi la pamba, wanaopoteza usikivu kwa kelele za mashine. Haya ni magonjwa ya kazi, yana haki ile ile. Mwambie daktari unafanya kazi gani hata kama hakukuuliza.

Ukishapona, kuna tathmini ya ulemavu. Daktari atapima kilichobaki, atakupa asilimia. Ikifika 30 au pungufu, unalipwa kwa mkupuo. Ikizidi, unalipwa kila mwezi. Usiende tathmini ukiwa umevaa ujasiri. Mtaani tumezoea kusema "niko poa mzee" hata mgongo unapotukata. Pale sema kweli yote: kwamba huwezi kunyanyua ndoo, kwamba unaamka mara tatu usiku. Na ofisi ikikuletea karatasi ya kutia saini, imeandikwa Kiingereza, ikisema umelipwa na hutadai tena, chukua nakala nenda nayo chama cha wafanyakazi au ofisi ya Mfuko kabla kalamu haijagusa. Anayekataa usiondoke na nakala umemjua.

Mwisho naongea nanyi ndugu mnaosindikiza, kaka, mke, jirani. Mgonjwa mwenye maumivu hawezi kubishana ndani ya gari. Mmoja wenu apande gari lile, asikubali kuachwa getini kwa kisingizio kwamba nafasi hakuna. Akiulizwa dirishani wapi ameumia, sema kazini, taja jina la kiwanda na saa, na usimame hapo mpaka umeona limeandikwa. Mwingine aende kituo cha polisi kufuata PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, huku mgonjwa anapokewa. Piga picha kadi ya hospitali siku ile ile, na risiti zote, hata ya bandeji ya shilingi elfu moja. Bosi akija wodini na matunda na bahasha, mpokee kwa heshima, mshukuru, kisha umuulize mbele ya watu taarifa ya ajali itapelekwa lini.