Kima cha Mshahara, Mjini na Kisiwani

Mfuko wa saruji una uzani wa kilo 50, uwe wateremshwa Mombasa au Lamu. Mabega yaubebayo, hata hivyo, sheria ya Kenya haiyathamini sawa. Kwa amri ya mishahara ya mwaka 2022, kima cha chini cha kibarua wa kawaida kilikuwa shilingi 15,201.65 kwa mwezi katika miji mikuu kama Mombasa. Katika zilizokuwa manispaa, Malindi ikiwamo, 14,025.40, na kwengineko kote, 8,109.90. Lamu, mji uliotangulia Nairobi kwa karne nyingi, umo katika hilo kwengineko.

Wateteao tofauti hii husema kwamba maisha ya mjini ni ghali, hasa kodi ya chumba. Ni kweli, lakini kodi imekwisha kutengwa. Sheria ya Ajira ya 2007 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao, au amwongezee fedha za kupangia juu ya mshahara, na kima hicho cha chini hakijumuishi posho ya nyumba. Kodi ikishaondolewa katika hesabu, husalia unga, mafuta, sukari na sabuni. Na unga wa Lamu huteremshwa lorini Mokowe, ukapakiwa chomboni, ukashushwa tena bandarini. Kila mkono uugusao wataka ujira. Vipi basi tumbo la kisiwani litoshelezwe kwa nusu?

Hoja iliyo nzito zaidi ni ya uwezo wa mlipaji. Mjane aliyemweka msichana wa kumsaidia kazi za nyumbani, akilazimishwa ghafla kulipa kima cha Mombasa, huenda akamwachisha, na wote wawili wakadhurika. Hili halifai kupuuzwa. Ila uwezo haufuati mipaka ya manispaa, ambazo zenyewe zilivunjwa mwaka 2013: hoteli ya Shela itozayo wageni kwa dola imo katika daraja la chini, na mwenye kibanda cha chai Mombasa yumo katika daraja la juu.

Lililo karibu zaidi na haki ni kima kimoja cha nchi nzima, kikadiriwe kwa chakula na mahitaji ya lazima, nacho kifikiwe hatua kwa hatua, waajiri wadogo wakipewa muda mrefu kuliko mahoteli. Mji ulio ghali uongeze juu yake. Pasiwe na mahali penye ruhusa ya kupunguza.