Mmeuona Mgongo wa Mtoto, Mkanyamaza

Fundi cherehani ndiye anayeona kwanza. Anampima binti wa darasa la sita sare mpya, anamsimamisha mlangoni penye mwanga, na pindo la sketi ya bluu linakataa kulingana: kulia limepanda, kushoto limeshuka. Analikunja upya upande mmoja, anapokea hela yake, kazi imekwisha. Mwalimu wa michezo ameona kuwa bega moja liko juu ya jingine. Shangazi ameona wakati wa kumsuka, mtoto amekaa chini kati ya magoti yake, mfupa wa bega la kulia umetokeza. Wanawake wanaosimama nyuma yake kwenye safu ya swala wameona kila anaporukuu, maana mtu akiinama ndipo upande mmoja wa mbavu unapopanda kuliko mwenzake, hata ndani ya baibui. Na hicho hasa ndicho kipimo cha madaktari tangu karne ya 19: mwinamishe mtoto, tazama mgongo kwa nyuma. Hakina gharama, hakitaki mashine, na watu wa mtaa wameshakifanya bila kukusudia.

Mtaa mzima umeona. Mtaa mzima umenyamaza.

Wala msiniambie kwamba hamkujua. Mlijua, ndiyo maana mlimpa jina. Watoto wenu wanamwita Ngamia akienda shule, na jina hilo hawakulitunga wao. Wamelisikia kwenye kijiwe cha kahawa, kwa wakubwa wenye mvi. Mlijua, ndiyo maana kwenye harusi ya dada yake mlimsogeza nyuma ya watu warefu wakati wa kupiga picha. Mlijua, ndiyo maana alipokua na kupata mposaji mlituma mjumbe aulize kama yule mwenye mgongo ataweza kuzaa, ilhali wengi wa wanawake wenye tatizo hili hubeba mimba na kujifungua kama wenzao. Mlijua, ndiyo maana ukoo wa baba ulikaa kikao na kumtwisha mama mzigo wote kwa maneno ambayo mama wengi wa watoto wenye ulemavu wameyasikia: kwetu hakuna watu wa namna hii. Kesho yake mnakutana na mtu asiye na mguu sokoni, mnatikisa kichwa na kusema hujafa hujaumbika. Mnaisema kwa wepisi gani!

Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu mwaka 2010. Sheria hiyo haiwezi kuja kukaa barazani kwenu kuzuia kicheko.

Uti wa mgongo kupinda kiubavu, ugonjwa unaoitwa skoliosisi, si laana wala si deni la mzimu wa mtu. Huwapata vijana wawili hadi watatu katika kila mia wanaobalehe. Katika sekondari yenye wanafunzi 500, tegemea kumi au zaidi. Kwa walio wengi hakuna sababu moja ambayo madaktari wanaweza kuitaja. Hauletwi na mkoba mzito wala kulala vibaya, na mama hakuuleta kwa kumcheka kilema alipokuwa na mimba, ingawa ndivyo mnavyonong'onezana nyuma yake. Usain Bolt, aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.58, alikua na mgongo wa namna hii. Upo mgongo mwingine, unaotokeza nyuma kwa sababu kifua kikuu kimeingia kwenye pingili, na dawa zake hutolewa bure katika hospitali za serikali. Nao mnauita uchawi.

Kinachoniuma zaidi ni muda mlioupoteza. Mgongo huu hupinda kwa kasi pale mtoto anaporefuka kwa kasi, na kwa wasichana hatari ya kuzidi ni kubwa kuliko kwa wavulana. Mpindo ukifika digrii 25 na mifupa bado inakua, kuna kizibao cha plastiki ngumu kinachovaliwa saa nyingi, mchana na usiku, ili usiendelee. Utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kati ya waliovaa kizibao, 72 katika kila 100 walimaliza kukua bila kufika digrii 50, mahali ambapo habari ya kupasuliwa huanza. Kwa ambao hawakuvaa, walikuwa 48. Na msiseme hayo ni ya Ulaya. Mafundi wa vifaa hivyo wanafundishwa hapa hapa, kwenye chuo cha TATCOT, Moshi, tangu mwaka 1981. Lakini mifupa ikishakomaa, kizibao hakina kazi tena. Basi hesabuni mlivyoitumia miaka ile. Mtoto alipelekwa kukandwa kwa mafuta mpaka ngozi ikachubuka. Akapelekwa kwa mganga, kuku akachinjwa, jirani akatajwa kuwa mchawi, nyumba mbili zikaacha kusalimiana. Akakeshezwa kwenye maombi. Akanyweshwa kombe. Alipofikishwa mbele ya daktari wa mifupa, alishamaliza kurefuka.

Nanyi makungwi, mama zangu, niwaulize kwa heshima lakini niwaulize. Mwali mnampokea katika umri uleule ambao mgongo hupinda. Mnamwogesha, mnamsinga liwa, mikono yenu inapita juu ya uti wake wote kuanzia shingoni hadi kiunoni. Mkaona. Mkamfunza kujifunga khanga ifiche ubavu. Ilishindikana nini kumwita mama yake pembeni na kumwambia ampeleke hospitali?

Na ninyi mnaosimama madhabahuni mkiuza mafuta ya upako! Mama anaambiwa atoe sadaka ya kujimaliza, naye anatoa ada ya shule na nauli ya kwenda hospitali. Mtoto anasukumwa kichwa aanguke, anainuka mgongo ukiwa vilevile, kisha anaambiwa mbele ya umati kwamba imani yake ni ndogo. Umri wake ni miaka 12. Mmemkuta na mgongo uliopinda, mkamwongezea hatia. Hamjaisoma Injili ya Luka? Yule mwanamke aliyepinda kwa miaka 18 alikuwa ndani ya sinagogi, na Yesu hakumdai sadaka wala hakumpima imani. Alimwita mbele ya watu na kumhesabu katika uzao wa Ibrahimu. Aliyekasirika siku ile ni mkuu wa sinagogi. Ninyi mmesimama upande wa nani?

Wala Waislamu tusijione tumepona. Mtume (S.A.W.) alizinduliwa na Mola wake katika Sura ya Abasa kwa sababu ya kumkunjia uso kipofu, na kipofu yule hakuweza hata kuuona uso wenyewe. Mtoto wetu anaziona nyuso zetu. Sura ya Hujurat imekataza kudharauliana na kubandikana majina ya kejeli. Inasomwa kwenye hotuba ya Ijumaa, watu wanaitikia, kisha wakitoka mlangoni wanasema, wewe Ngamia, hebu nisogezee viatu hivyo.

Nayasema haya nikiwa na mgongo wenyewe. Nimekua nao mtaani kwenu. Mama yangu aliuza dhahabu aliyopewa na wazazi wake ili nipate kizibao, na kila jioni alinifungia mikanda yake kwa mkono, akiipapasa kwanza fulana ya pamba ya ndani isiwe na mkunjo hata mmoja, kwa sababu mkunjo ukilaliwa usiku, asubuhi ni kidonda. Joto la Dar es Salaam la mwezi wa pili halina huruma ndani ya plastiki. Alikuwa akiamka kunipepea kwa kipande cha boksi, na alfajiri anakwenda kazini. Kaka yangu alitembea upande wangu uliotokeza, siku zote, ili watu wakitazama waanze kumwona yeye. Bibi alinifundisha kuomba bila kuniahidi kwamba nitanyooka. Alisema Mungu ananijua jina langu, lile la kweli, na akanilaza mapajani. Ni imani hiyo iliyonishika. Haikunidai hela, haikunidai muujiza, haikuniambia nimekosa nini.

Leo nikisimama mbele ya watu mnapiga makofi. Mnasema, tazameni uvumilivu, tazameni Mungu alivyo mkubwa. Mungu ni mkubwa kweli. Ninyi mlikuwa wapi? Uvumilivu mnaousifu ulipatikana kwa sababu watu watatu wa nyumba moja walibeba kazi ya mtaa mzima, na mama amezeeka kabla ya wakati wake. Kwa kila mmoja wetu mnayempa kipaza sauti, wapo waliofungiwa chumba cha uani wageni wakija, wapo walioacha shule kwa sababu ya jina moja tu la njiani, wapo ambao baba aliondoka na bibi hakuwepo. Hao hamna ushuhuda wao wa kusimulia. Wamo humu humu mitaani, mnawapita.

Hatukuwa watu wa hivi. Tulikuwa watu ambao mtoto wa mwenzio akiumwa, nyumba saba zinalala macho. Leo mtoto wa mwenzio ni habari ya kupitisha jioni.

Kwa hiyo, baba na mama, leo usiku mwiteni mwanenu. Asimame miguu pamoja, ainame kama anayetaka kugusa vidole vya miguu, na mama amtazame mgongo wazi kwa nyuma, bila kucheka na bila kushtuka. Mkiona upande mmoja umepanda, msiite kikao cha ukoo. Asubuhi mpelekeni hospitali, mkaombe apigwe picha ya eksirei ya mgongo akiwa amesimama, na mkiambiwa mrudi baada ya miezi minne, rudini. Dua mtaisoma njiani.