Picha ya kuchekesha: nani anasema kama imetukana?

Hapa Goma, mutu akichora uso wa mwenzake na kurefusha pua kidogo tu, watu hawacheki mbio. Wanauliza kwanza: umechora nani, na wewe ni mutoto wa nani? Tuko na sababu. Hassan Ngeze, mwenye gazeti Kangura, alikuwa mtu wa Gisenyi, hapo ng'ambo ya mpaka. Tangu 1990 gazeti lake lilicheka Watutsi kwa maneno na kwa picha, na jalada la namba 26, Novemba 1991, lilichora panga. Mahakama ya Arusha ilimhukumu kifungo cha maisha mwaka 2003. Rufaa ya 2007 ikapunguza hadi miaka 35.

Basi siku tulipokaa kuzungumza juu ya buku Tintin au Congo, hatukukaa kama watu wa kupita.

Hergé alianza kulichora mwaka 1930, katika gazeti la watoto la Brussels, naye hakuwa amefika Kongo. Mkongomani wake ana midomo minene, anasema Kifaransa kilichovunjika, anapigia magoti sanamu ya Tintin na ya mbwa wake. Kuna mahali motokari ya Tintin inaangusha treni, na weusi wanaitwa wavivu juu ya kuchelewa kuiinua. Wavivu! Reli ya Matadi hadi Léopoldville ilijengwa toka 1890 hadi 1898, na maiti za wafanyakazi weusi ziliachwa njiani kwa mamia na mamia. Hapo mzee mmoja kati yetu alisema: «Ile haiko kicheko, ni uongo tu.» Tunamkubali.

Mwaka 2007 Bienvenu Mbutu Mondondo, Mkongomani aliyekuwa anaishi Brussels, alishitaki buku hilo. Alitaka likatazwe, ao hata liandikiwe maelezo ya kumwonya msomaji. Mwaka 2012 tribinali ikamkatalia: ilisema mchoraji hakuwa na nia ya kuchochea ubaguzi, alifuata mawazo ya wakati wake. Rufaa nayo ikashindwa.

Sisi hatushangai sana. Hakimu anapima kosa la sheria, na sheria inatafuta nia. Lakini aliyekanyagwa mguu haulizi nia kwanza, anasikia maumivu. Kumwambia «sikutaka» ni kuomba radhi, haiko kumwonyesha kwamba mguu wake hauumi. Kwa hiyo ushahidi wa kwanza ni wa yule aliyechorwa.

Shida ni kwamba waliochorwa hawasemi sauti moja. Kinshasa mafundi wanachonga Tintin wa mbao na kuuzia wageni. Watu wetu wengi walisoma buku hilo utotoni na kucheka mpaka machozi. Tuwaite watumwa wa akili? Hapana, ni matusi mengine hayo. Kijana mmoja wetu alisema anamcheka mzungu aliyetuwazia hivyo, hajichekei mwenyewe. Labda ni kweli. Lakini mutoto wa miaka saba, atajua anamcheka nani?

Kwetu mjukuu anamtania nyanya yake, anamwita bibi yake, anasema hana meno, na hakuna anayekasirika, juu nyanya atamrudishia mara mbili. Picha ya 1930 haikuwa na mlango huo wa kurudishia. Mkongomani alikuwa na gazeti gani la kumchora Mbelgiji? Mwaka 1946 Hergé mwenyewe alibadilisha ukurasa ambapo Tintin alifundisha watoto weusi kwamba nchi yao ni Ubelgiji, akaweka hesabu. Midomo aliiacha.

Tulipiga kura kama buku liingie katika maktaba yetu. Liliingia, kwa kura chache tu za kupita. Yule mzee wa treni alikataa mpaka mwisho, na tangu siku ile hapitii tena upande ule wa kabati.