Mbwa Asiyebweka

Ndugu msomaji, nina mbwa asiyebweka. Sikutanii. Mjomba wangu, mrina asali, aliniletea kutoka Sikonge akiwa bado anaenea kwenye kikapu, na kikapu chenyewe kilikuwa kinanukia asali. Huu ni mwaka wa tatu, na sijamsikia akibweka hata mara moja. Nilimpa jina la Simba, kama mbwa wengi wa hapa Tabora. Watoto wa mtaani kwetu Isevya hawakukubali. Wakamwita Bubu. Jina la watoto likishabandikwa halibanduki. Siku hizi hata mimi namwita Bubu.

Mwanzoni kimya chake ndicho kilichomwokoa. Baba mwenye nyumba ni mzee wa swala tano, na kwake mbwa ni najisi. Siku alipomwona alikunja uso nikajua nitahama. Wiki mbili baadaye akaniita: "Kijana, huyu mbwa wako ana adabu kuliko wapangaji wangu. Akae. Ila asivuke kizingiti cha ukumbi." Nikamshukuru mzee, nikajisifu kijiweni kwamba nina mbwa mstaarabu.

Sifa hiyo ilikwisha usiku mmoja wa kiangazi. Wezi waliruka ukuta wa uani, wakaondoka na baiskeli, masufuria mawili na kuku watatu. Asubuhi uani palikuwa kama mahakamani, na mshitakiwa ni Bubu. Aliyesema kwa nguvu kuliko wote ni mpangaji wa vyumba vya mbele, mwenye baiskeli. "Mbwa gani huyu? Anakula ugali wa bure!" Kisha akasema neno ambalo halijanitoka kichwani mpaka leo: "Mbwa asiyebweka ni mshirika wa mwizi."

Wote wakaitikia. Mimi nikainamisha kichwa. Sikuwaambia kwamba usiku ule Bubu alikuja kitandani kwangu, akanikwaruza mkono, akaenda mlangoni, akarudi, akanikwaruza tena. Mimi nikamsukuma kwa mguu, nikageukia ukutani nikaendelea kulala. Mbwa alisema kwa jinsi alivyojaliwa. Aliyenyamaza ni mimi, na asubuhi nikanyamaza mara ya pili, nikamwachia mnyama kesi yangu.

Hapo ndipo lilipoanza swali ninalotaka tulitazame pamoja: je, anayenyamaza ana hatia?

Wazee wetu wamekisifu kimya sana. Simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Debe tupu ndilo linalovuma. Tumelelewa hivyo: mtoto mwenye adabu hajibu, mgeni mwenye adabu haulizi, mpangaji mwenye adabu hasikii ya chumba cha pili. Lakini wazee hao hao walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Kwa hiyo methali peke yake haitutoshi, maana kila upande unayo ya kwake. Lazima tutazame huyo anayenyamaza ni nani, na kwa nini.

Nikaanza na mbwa mwenyewe. Nilisoma kwamba huko Kongo kuna mbwa wa uwindaji waitwao basenji, wadogo, masikio yamesimama, mkia umejikunja kama bangili. Hawabweki kama mbwa wengine, kwa sababu koo lao limeumbwa tofauti. Si kwamba hawana sauti: huguna, hulia, na wakifurahi hutoa mlio kama wa mtu anayeimba. Wazungu waliwapeleka wawili Uingereza kwenye maonyesho ya mwaka 1895, wakafa kwa maradhi. Ni katika miaka ya 1930 ndipo walipofanikiwa kuwafuga na kuwazalisha kule. Sisemi Bubu ni basenji. Bubu ni mbwa koko wa Sikonge. Lakini mambo mawili ya mbwa hao yalinigusa.

La kwanza ni jina. Basenji ni ndugu wa neno letu "washenzi". Hivyo ndivyo watu wa pwani walivyowaita watu wa bara enzi za misafara, na katika bara hiyo nasi wa Tabora tumo. Mshenzi ni yule ambaye maneno yake si maneno. Anasema, wewe unasikia kelele tu. Kwa hiyo kuna kimya ambacho si cha anayenyamaza, bali ni cha asiyetaka kusikia.

La pili ni kengele. Wawindaji wa Kongo humfunga mbwa huyo kengele ya mti shingoni, ili wajue yuko wapi katika majani marefu. Hawampigi ili abweke, wala hawamfukuzi. Wanafahamu kwamba hana mlio, basi wajibu wa kumsikia unabaki kwao.

Jumapili moja nikamchukua Bubu tukatembea mpaka Kwihara, kilomita chache kutoka mjini. Huko ndiko liliko tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Njiani kuna miembe mikubwa, na wazee husema imetokana na kokwa zilizotupwa na watu wa misafara. Njia ile ilitoka Bagamoyo, ikapita hapa kwetu Unyanyembe, ikaenda Ujiji na kuvuka ziwa mpaka Manyema. Tusidanganyane: si wote waliopita walikuwa na minyororo. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru, walibeba pembe kwa malipo ya nguo na shanga, na kwenda pwani kulikuwa jambo la fahari kwa kijana. Lakini wenye minyororo nao walipita, njia hiyo hiyo, chini ya miti hiyo hiyo. Na palikuwa na watu wamekaa barazani wakiwatazama.

Nilikaa chini ya mwembe mmoja nikamfikiria mtu huyo wa barazani. Huenda hakuuza mtu wala kununua mtu. Alikuwa na shamba lake, na watoto wake, na woga wake. Msafara unapita, anaukubali moshi wa tumbaku yake, anasema moyoni, "Hayanihusu." Sina haki ya kumcheka. Nilikuwa namfahamu vizuri mno.

Maana tembe lile lina habari nyingine. Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe, kwenye Mto Lualaba, watu wa wafanyabiashara wa misafara waliwafyatulia risasi watu waliokuja sokoni, wengi wao wanawake. Mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama mtoni. Livingstone alikuwepo. Karatasi zilikuwa zimemwishia, akawa anaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino aliotengeneza kwa mimea. Mwaka uliofuata barua zake zilitoka hapa Kwihara na Stanley, zikasomwa Uingereza, zikaongeza nguvu kwenye kelele zilizomlazimisha Sultani Barghash kulifunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873.

Nilipowasimulia washikaji kijiweni, mmoja akanirukia. "Usituletee mzungu shujaa hapa! Huyo si alikuwa anasafiri kwa msaada wa wafanyabiashara hao hao? Chakula chao si alikula?" Ni kweli, alikula. Na wanawake wa Nyangwe hawakuacha barua. Hata majina yao hatunayo. Lakini mimi simtafuti mtu safi. Nilichokiona ni kwamba mtu aliyekuwa anawategemea wenye bunduki, asiye hata na karatasi, bado alipata mahali pa kuandika. Mimi nina madaftari manne, natamba kwamba naandika riwaya. Je, nimeandika nini juu ya nilichokisikia?

Nilikisikia nini? Ndugu msomaji, nimezunguka sana ili nisifike hapa.

Yule mpangaji wa vyumba vya mbele alikuwa na msichana wa kazi, wa miaka 14 au 15 hivi. Alikuwa wa kwanza kuamka uani na wa mwisho kulala. Usiku mwingine tulisikia mkanda. Tulisikia wote, nyumba nzima ya vyumba saba. Mwingine alikohoa, mwingine alifunga dirisha. Mimi nilipandisha sauti ya redio. Asubuhi tulimsalimia bwana yule, "Shikamoo," naye akaitika vizuri kabisa. Msichana alifagia uani bila kutuangalia. Mara moja aliniangalia, kitambo kidogo, kisha akainama akaendelea kufagia. Leo najua kwamba ile ilikuwa ni kukwaruza mlango.

Kisha siku moja hakuonekana. "Amerudi kwao," tukaambiwa. Hakuna aliyeuliza kwao ni wapi.

Rafiki yangu wa kijiweni alinitetea: "Ungesema ungepata nini? Ungefukuzwa nyumba, na yeye angepigwa zaidi." Hoja hiyo si ya kudharau. Kusema kuna gharama, na mara nyingine gharama analipa mwingine. Ndiyo maana simhukumu kila anayenyamaza. Msichana alinyamaza kwa sababu sauti yake ilikuwa inaletewa mkanda. Bubu hakuumbwa na mlio. Lakini mimi? Sikuwahi kupima gharama hata siku moja. Sikukaa nikafikiri nimwendee nani, lini, kwa njia gani. Nilikuwa naongeza sauti ya redio tu. Kimya cha namna hiyo nacho hujiita adabu, na ndicho ninachokiona kuwa na hatia, kwa sababu mwenyewe ana sauti, anaijua, anaitunza kwa ajili ya mpira na porojo.

Baada ya ile Jumapili ya Kwihara nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Nilikuwa nimechelewa miezi mitano, lakini nilikwenda. Mzee alinisikiliza kwa makini, akachukua kalamu, akauliza, "Jina lake nani huyo binti?"

Nikafungua mdomo. Nikagundua silijui. Mwaka mzima tulikuwa tunamwita "we dada". Mbwa tulimpa majina mawili.

Mwenyekiti aliandika alichoweza, akaahidi kufuatilia. Mpaka leo sijapata jibu, na kila nikipita ofisini kwake nauliza tena. Chumba cha mbele sasa kina mpangaji mwingine. Bubu bado habweki. Akikwaruza mlango usiku naamka, hata kama ni paka tu uani.