Farasi wa Bi Aisha na kupatwa kwa jua: Somo kwa zama za sinema na mitandao

 



Miongoni mwa maswali ambayo sisi walimu wa Maarifa ya Uislamu tunaulizwa sana na wazazi wa mijini ni hili la sinema za kubuni: zile za wachawi, majoka yanayotema moto, falme ambazo hazikupata kuwepo na sayari za kufikirika. Mzazi anakueleza kwa uchungu kwamba mwanawe anaijua tarehe ya kutoka sinema mwaka mzima kabla, lakini ukimuuliza Ramadhani inaanza lini, hajui.

Malalamiko hayo si ya jana. Zilipotoka sehemu tatu za The Lord of the Rings kati ya 2001 na 2003, na zile nane za Harry Potter kati ya 2001 na 2011, vijana walikuwa wakisubiri CD zifike madukani. Leo hawana haja ya CD. Watakuambia kwamba tarehe iliyotangazwa kwa sehemu ya tatu ya Dune ni Disemba 18, 2026, na kwamba sinema mpya ya yule kiumbe Gollum imetangaziwa Disemba 2027. Hesabu wanayo vidoleni. Kila kinachodokezwa kuhusu sinema hizo wanarushiana, pamoja na vituko vingine vyote vinavyopita kwenye simu.

Hapo ndipo mzazi anapouliza: "Maalim, mambo haya hayawaharibii watoto akida?"

Ni swali la haki na nitalijibu. Lakini mara nyingi mzazi yuleyule, asubuhi ya siku ileile, anakuwa amekwishanirushia picha ya 'muujiza' fulani, na chini yake pameandikwa: Subhanallah, watumie Waislamu kumi. Nikiyaweka mambo haya mawili kwenye mizani, hofu yangu kubwa haiko kwenye sinema anayoisubiri mtoto. Iko kwenye picha aliyoisambaza mzazi. Naomba nieleze kwa nini.

Matukio mawili katika maisha ya Mtume (SAW)

Tukio la kwanza amelipokea Imamu Abu Dawud. Bi Aisha (RA) alikuwa na vikaragosi vyake vya kuchezea, na miongoni mwavyo alikuwemo farasi mwenye mbawa mbili zilizotengenezwa kwa vipande vya nguo. Mtume (SAW) alimwona farasi yule akauliza ni nini kile alichonacho mwilini. Akaambiwa ni mbawa. Akastaajabu: farasi na mbawa? Bi Aisha akamjibu kwa kumuuliza kama hakupata kusikia kwamba Nabii Suleiman (AS) alikuwa na farasi wenye mbawa. Mtume (SAW) akacheka mpaka magego yake yakaonekana.

Tukio la pili wamelipokea Imamu Bukhari na Imamu Muslim. Siku aliyofariki Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume (SAW), jua lilipatwa. Watu wakasema kwamba jua limepatwa kwa sababu ya kifo cha Ibrahim.

Hebu tulitafakari hili ndugu msomaji. Hapa yupo baba aliyefiwa. Watu wamemletea 'muujiza' ambao hakuuomba, na muujiza wenyewe unamtukuza yeye na nyumba yake. Angenyamaza tu, habari ingeenea Bara Arabu nzima. Lakini hakunyamaza. Aliwaswalisha watu, kisha akawahutubia akiwaeleza kwamba jua na mwezi ni ishara mbili miongoni mwa ishara za Allah, na kwamba havipatwi kwa ajili ya kufa kwa mtu wala kwa ajili ya kuishi kwake.

Farasi mwenye mbawa Mtume (SAW) alimcheka. Muujiza wa uongo aliukanusha palepale, msiba ukiwa bado mbichi. Tofauti iko wapi? Farasi wa Bi Aisha alikuwa kitu cha kuchezea, na kila aliyekuwepo alilijua hilo. Maneno ya watu kuhusu jua yalikuwa madai juu ya Allah na namna anavyoendesha mbingu zake. Mchezo ulibaki kuwa mchezo. Uongo uliovishwa kanzu ya dini haukuachwa utembee.

Paukwa!

Sisi watu wa pwani na bara tuliolelewa na hadithi za bibi tunaifahamu tofauti hii. Bibi haanzi hadithi ya sungura na fisi kabla ya kusema "Paukwa!", nasi tukaitikia "Pakawa!" Kwa maneno yale mawili amekwishakuambia kwamba yatakayofuata si taarifa ya habari. Ndiyo maana mtoto aliyesikia kwamba fisi alioa hakwenda porini kumtafuta mke wa fisi.

Na Waislamu hawakuanza leo kutunga hadithi za kubuni. Katika karne ya pili Hijria, Ibn al-Muqaffa aliiandika kwa Kiarabu Kalila wa Dimna, ambamo wanyama wanazungumza na kushauriana. Ibn Tufayl wa Andalusia alitunga kisa cha Hayy bin Yaqdhan, mtoto aliyelelewa na paa katika kisiwa kisicho na watu, akamtambua Muumba wake kwa kutafakari. Hakuna aliyesomeshwa vitabu hivyo kama historia.

Sinema nayo ina paukwa yake. Ina jina la mtunzi, majina ya waigizaji, na mwishoni orodha ndefu ya mafundi. Kijana anayeisubiri anajua fika kwamba joka lile limetengenezwa kwa kompyuta. Ujumbe wa simu hauna paukwa. Unaingia bila jina la aliyeutunga, umetanguliwa na Bismillah, na umetumwa na mtu unayemheshimu.

Mifano tunayo mingi

Wengi wetu tumewahi kuiona picha ya mifupa ya jitu kubwa ikifukuliwa mchangani, huku wafukuaji wakionekana wadogo kama sisimizi. Tuliambiwa hayo ni mabaki ya kaumu ya Ad yaliyopatikana katika jangwa la Uarabuni. Ukweli ni kwamba picha ile ilitengenezwa na Mkanada mmoja mwaka 2002 kwa ajili ya mashindano ya kuchezea picha kwa kompyuta. Alichukua picha ya watu waliokuwa wakifukua mabaki ya mnyama wa kale wa jamii ya tembo huko Hyde Park, New York, mwaka 2000, akapandikiza mifupa ya binadamu. Yeye hakutaja Ad wala Uarabuni. Dini tuliiongeza sisi wasambazaji.

Tukaletewa pia picha ya kiumbe wa kutisha, nusu mtu nusu mnyama, tukaambiwa ni msichana wa Oman aliyegeuzwa kwa sababu aliidharau Qur'an. Kiumbe yule ni sanamu ya msanii wa Australia, Patricia Piccinini, aliyoitengeneza mwaka 2003. Wangapi katika sisi tuna ndugu Muscat? Simu moja ingetosha kuuliza, lakini watu walitoa photocopy na kubandika.

Na kabla hata ya intaneti ilivuma habari kwamba Neil Armstrong alisikia adhana mwezini akasilimu. Habari hiyo ilienea kiasi kwamba mwaka 1983 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ililazimika kuziandikia balozi zake katika nchi za Kiislamu kueleza kwamba mtu huyo hakusilimu. Amefariki mwaka 2012, na bado wapo wanaoisimulia.

Siku hizi mambo yamekuwa mepesi zaidi. Yule Mkanada alihitaji ujuzi na muda. Leo mtu anaiandikia programu ya akili mnemba sentensi moja, na kabla hajamaliza chai yake picha iko tayari.

Madhara yake ni nini?

Wapo watakaosema: "Maalim, kuna ubaya gani? Si inawaongezea watu imani?" Jibu nililipata katika darasa la vijana ninalolisomesha Jumamosi jioni. Tulikuwa tunazungumzia kaumu zilizoangamizwa, kijana mmoja wa kidato cha tatu akataja ile picha ya mifupa. Nikamweleza asili yake. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Kwa hiyo Maalim, kama picha ni ya uongo, hao Ad wenyewe je?"

Darasa zima likanigeukia. Kijana yule amezitazama sinema za majoka tangu utotoni, na hakuna hata moja iliyomfanya aitilie shaka Qur'an. Kilichomtikisa ni picha aliyotumiwa na mjomba wake kwa nia njema kabisa. Mjomba aliitundika imani ya mtoto kwenye msumari uliooza, na siku msumari ulipong'oka imani nayo ikayumba.

Nilimjibu kwamba habari ya Ad tumeipokea kutoka kwa Allah (SW) karne nyingi kabla kamera haijatengenezwa. Sura ya 69 imetueleza kwamba waliangamizwa kwa upepo uliovuma mikesha saba na siku nane. Aliyeiamini habari hiyo kwa sababu aliyeitoa ni Mkweli hahitaji picha ya mashindano kuithibitisha, wala haipotezi picha ikibainika kuwa ya uongo.

Na hapa niseme jambo kuhusu hiyo Dune ambayo vijana wanaisubiri. Mtunzi wake, Mmarekani Frank Herbert, aliichapisha kama kitabu mwaka 1965 akatumia maneno mengi yenye asili ya Kiarabu. Kijana mkuu katika kisa anaitwa Mahdi na watu wa jangwani. Mzazi akisikia hivyo anashtuka, na ana haki ya kushtuka. Itikadi ya Mahdi ina mahali pake katika Hadithi, na mtoto anapaswa kuijua kutoka huko kabla hajaikuta kwenye sinema. Lakini hebu tutazame kisa chenyewe kinasema nini. Kinasema kwamba zamani kundi la watu wenye hila lilipanda bishara za kutunga katika jamii ile, ili siku moja mtu wao akihitaji wafuasi awakute wameshaandaliwa. Watu wakaamini, wakafuata, wakaingizwa vitani.

Kama mtunzi asiye Muislamu ametambua kwamba watu waliozoeshwa ishara za kubuni huongozwa na yeyote anayeziweza ishara hizo, sisi wenye Qur'an tunangoja nani atukumbushe? Umma unaoamini kila picha utaamini pia picha ya chuki. Itarushwa picha ya msikiti uliochomwa mahali ambapo haukuchomwa, au sauti ya sheikh ikisema maneno ambayo hakuyasema, na watu watatoka barabarani kabla ya kuuliza.

Tufanye nini?

Kwanza, tuirejee amri ya Allah (SW) katika Suratul Hujurat (49:6), inayotutaka tuichunguze habari inapoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Aliyetunga ujumbe usio na jina hatumjui hata kama ni mwaminifu. Mtume (SAW) naye ametufunza kwamba inamtosha mtu kuhesabiwa muongo kwa kusimulia kila alichokisikia. Januari 2019 WhatsApp iliweka kikomo kwamba ujumbe mmoja usirushwe zaidi ya mara tano kwa pamoja, ili kupunguza uvumi. Ni aibu Muislamu azuiwe na simu kufanya jambo ambalo Mtume wake alishamkataza.

Pili, turudishe paukwa. Ukimrushia rafiki yako kituko cha kuchekesha au picha ya ajabu, mwambie ni kituko. Kuburudishana kwa halali hakuna ubaya, lakini Mtume (SAW) amemuonya vikali anayesema uongo ili awachekeshe watu. Na kama umetuma kitu kisha ukabainikiwa kuwa si kweli, kikanushe katika kundi lilelile ulilokituma.

Tatu, kuhusu sinema zenyewe. Maulamaa wamekhitilafiana, na anayejiepusha nazo kabisa yuko salama. Lakini mzazi asidhani kwamba kuzima televisheni ndiyo malezi. Zipo zenye uchi na matusi, hizo hazina mjadala. Zipo zinazopamba uchawi, na mtoto asiyejua kwamba Qur'an (2:102) imeuhusisha uchawi na ukafiri anaweza kuuona ni kipaji. Mkalishe chini umfundishe. Muulize ameona nini na ameelewa nini. Anayejua Tauhidi yake atajua lipi la kuchezea na lipi la kuamini.

Na wewe kijana unayehesabu siku hadi Disemba, sikukatazi kufurahi. Nakuomba ujiulize jambo moja: Swala ya Magharibi iliyo mbele yako leo, unaisubiri kwa shauku kiasi gani? Mtume (SAW) ametueleza kwamba afya na faragha ni neema mbili ambazo watu wengi wanapata hasara ndani yake. Saa tatu za sinema zinaisha. Saa zinazopotea miezi kumi na miwili kabla yake, kwa kurushiana tetesi za nani ataigiza nini, ndizo nyingi zaidi, na zimo kwenye daftari.

Allah (SW) ametutahadharisha katika Suratul Israi (17:36) tusifuate tusilo na ujuzi nalo, kwani masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Zama zile kidole hakikuwa na kazi kubwa katika kueneza habari. Leo kidole gumba kimoja kinatosha kufikisha uongo mikoa yote kabla ya adhana ya Adhuhuri. Nacho, kama viungo vingine, Siku ya Kiyama kitatoa ushahidi.

Allah atujaalie tuwe wakweli katika tunayoyasema na tunayoyarusha. Wabillahi tawfiiq.