Alama na Mwenye Alama

Mwanafunzi asiyevuka mtihani hutajwa kwa maneno mengi, wala maana yake si moja. Twasema ameanguka, ameshindwa, amefeli, ama amepata sifuri. Kuanguka ni jambo la njiani; aanguikaye huinuka, na hapana amdhaniye kuwa mtu mwingine. Kushindwa ni kutendwa, na kila kushindwa hutaka mshindi. Mshindi hapa ni karatasi. Kufeli, neno tulilotwaa kwa Waingereza, halina picha yoyote katika lugha yetu, na labda ndiyo sababu huuma zaidi. Kupata sifuri ni ajabu kuliko yote: mtu huambiwa amepata, na alichopata si kitu.

Alama ni ishara; huonyesha kitu kisicho yenyewe. Alama ya mtihani huonyesha maandishi ya saa chache. Lakini tazama jinsi usemi unavyoihamisha. Kwanza kijana ana daraja la nne. Baadaye ni wa daraja la nne. Mwisho mtaani huitwa ziro. Alikuwa na kitu, akawa mali ya kitu, kisha akawa kitu chenyewe. Na safari yote hiyo imekwenda kwa viungo vidogo vya sarufi ambavyo hapana avitiliaye maanani.

Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne ya Tanzania ya mwaka 2012, na zaidi ya nusu ya watahiniwa walipewa sifuri. Mei mwaka huo serikali iliyafuta, ikaamuru alama zipangwe upya. Mtihani wa pili haukufanywa. Majibu yalikuwa yale yale na makosa yale yale, lakini baadhi ya waliolala na sifuri waliamka na daraja la nne. Ikiwa sifuri ilikuwa hali ya mtu, nani alimgeuza mtu huyo?

Sisemi mwalimu asitoe alama. Asiyepima hawezi kufundisha. Twasema pia kwamba mwalimu husahihisha, yaani hufanya kitu kiwe sahihi. Aandikaye jibu la haki kando ya kosa, kisha akarudisha daftari, amelitimiza neno hilo. Mtihani wa taifa nao husahihishwa, ndivyo tusemavyo, ingawa karatasi yake hairudi kwa aliyeiandika.