Kasuku na popo



Tusome Walawi 11, mstari wa 13 mpaka 19. Musa anahesabu ndege wasioliwa: anaanza na tai, anamaliza na popo. Alimweka popo kati ya ndege kwa sababu anaruka. Lakini tumwangalie vizuri. Hatagi mayai, anazaa na kunyonyesha, na bawa lake ni ngozi iliyotandwa juu ya vidole virefu vya mkono.

Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu tunampenda, kwani anaiga sauti ya mtu. Tulimpenda mpaka akapungua msituni, na mwaka 2016 mataifa yakakubaliana kukataza biashara ya kuuza kasuku wa porini kutoka nchi hadi nchi. Popo mkubwa wa matunda, yule wa rangi ya majani makavu, tunamtupia mawe. Tunasema ametumwa na walozi.

Sasa tuangalie kazi zao. Kasuku anapasua mbegu kwa mdomo wake na kula kiini; mbegu hiyo haitaota tena. (Hatumlaumu, Muumba ndiye alimpa mdomo ule.) Popo anakula tunda la mvule, anameza mbegu ndogo, anaruka mbali usiku, anaziangusha pamoja na mavi yake hata mahali msitu umekatwa. Mvule huo ndio tunapasua mbao za milango. Kila mwaka, Oktoba hadi Desemba, mamilioni ya popo hao wanakusanyika Kasanka, Zambia, jirani na Katanga yetu.

Kwa nini tunasema haya? Popo akiingia nyumbani usiku, macho yote yanamgeukia yatima, ao bibi mzee. Musa alikataza kumla popo. Hakuandika hata neno moja la ulozi juu yake. Mwonaji anayemnyooshea mtoto kidole kwa sababu ya popo, ameyasoma wapi? Tena sheria ya nchi yetu ya Januari 2009, ya kumlinda mtoto, inamtia kifungoni anayemshitaki mtoto kwa ulozi.

Anayeingia nyumbani mara nyingi ni popo mdogo, anafuata wadudu wa taa. Zimeni taa, fungueni dirisha, atatoka. Msimshike kwa mkono mtupu, maana popo anaweza kubeba magonjwa. Na mtoto arudi kulala.